Kila mtu anakuja na kwao: niliyojifunza nikiwa na watu walioingia Ukatoliki

Siku niliyompelekea baba karatasi aandike na kusaini ndo siku nilipoelewa kuwa hili jambo la kuingia Kanisa Katoliki sio langu peke yangu. Baba yangu ni mchungaji wa kilokole, amehubiri zaidi ya miaka 30, na mimi alinibatiza kwa mikono yake mwenyewe nikiwa na miaka 14, kwenye maji mengi, mkono mmoja kanishika mgongoni mwingine kifuani, akanizamisha. Sasa parokiani wakaniambia kwavile nilibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu hawawezi kunibatiza tena, ubatizo ukishafanyika haurudiwi, ila wanahitaji uthibitisho. Kanisani kwetu hakukuwa na vyeti. Padri akasema hilo lisikusumbue, sheria ya Kanisa kanuni ya 876 inakubali hata shahidi mmoja tu asiye na mashaka, je yupo mtu aliyeona? Nikasema yupo aliyenibatiza. Akasema vizuri sana, ni nani? Nikasema ni baba.

Kwahiyo ilibidi nimwendee baba nimwombe aandike kuwa alinibatiza, ili karatasi hiyohiyo inisaidie kuondoka kwenye kanisa lake. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza, akaniangalia muda mrefu bila kusema kitu alafu akasema niachie. Alikaa nayo wiki mbili. Nilipoipata ilikuwa imeandikwa kwa mkono, mistari mitatu, kwamba yeye fulani alimbatiza mwanae kwa kumzamisha majini, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na mwisho kabisa akaongeza: "alikuwa anaamini." Hayo maneno hakuna mtu aliyemwomba ayaandike. Mpaka leo nikiyakumbuka nanyamaza kwanza.

Naandika haya kwasababu tangu wakati ule nimekaa na wanaojiandaa kuingia Kanisa kwa miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi, baadaye kama msimamizi, yaani yule anayemsindikiza anayejiandaa, baadaye nikisaidia kufundisha, na watu wanaponiuliza hao wanaotaka kuwa Wakatoliki wanatoka wapi, huwa naona wanategemea jibu fupi. Wanatoka kila mahali. Wanatoka kwa Waanglikana, Walutheri, walokole, Wasabato, Waislamu, dini za jadi, na wengine wametoka kwenye nyumba ambazo jina la Mungu halikutajwa kabisa. Lakini kutaja hiyo orodha ni sawa na kutaja majina ya vituo bila kueleza safari. Kitu nilichokuja kujifunza, tena nikakijifunza kwa kukosea, ni kwamba mtu haji mikono mitupu, na mara nyingi kile alichokuja nacho ndicho kilichomleta.

Jioni ya kwanza ya mafundisho tulikuwa watu tisa tumekaa kwa duara. Katekista wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, sauti ya chini, akatuomba kila mtu aseme ametoka wapi. Ilipofika zamu yangu nikaanza kueleza kanisa nililokulia, na kwakuwa nilitaka nionekane nimeamua kweli, nikaanza kulisema vibaya. Kelele nyingi, hakuna historia, kila mtu anafasiri Biblia anavyotaka, nikaenda hivyo kama dakika tano nzima. Yule mama akanisubiri nimalize, alafu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kusali ulifundishwa na nani?" Nikasema na baba. Akasema, "Basi usimseme vibaya aliyekufundisha kusali." Akapita kwa anayefuata. Hakuwa mkali hata kidogo lakini nilihisi uso unawaka.

Wiki iliyofuata akatuletea maneno ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ile hati kuhusu Kanisa ya mwaka 1964, sehemu inayosema kwamba hata nje ya mipaka inayoonekana ya Kanisa Katoliki kuna mambo mengi ya utakatifu na ya ukweli. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia kuwa nilikotoka kulikuwa giza tupu na sasa nimeona mwanga. Kumbe Kanisa lenyewe halisemi hivyo. Linasema yale mema uliyokuwa nayo ni zawadi, na kwa asili yake yanakuvuta kuelekea umoja. Nilirudi nyumbani siku hiyo na Biblia yangu ileile ya utotoni, ambayo baba alinipa na kuipigia mistari kwa penseli nyekundu, nikaifungua baada ya miezi mingi ya kuificha.

Ngoja niwaeleze kidogo kuhusu wenzangu wa lile duara, bila majina, kwasababu wao ndo walinifundisha zaidi ya kitabu.

Kulikuwa na kaka mmoja Mwanglikana, mtulivu sana, amelelewa kwenye kwaya. Kwake mafundisho mengi hayakuwa mageni, sakramenti anazijua, kalenda ya kanisa anaijua, Kwaresima anaijua, mpaka mimi nilikuwa namwonea wivu maana yeye anafunguafungua vitu ambavyo mimi nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Nikadhani safari yake ni rahisi. Siku moja tukabaki wawili akaniambia kitu kinachomuuma ni kwamba kwao hawajamkosea lolote. Hana ugomvi nao. Anawapenda, anapenda nyimbo zao, anampenda kasisi wake, na anaondoka. Mimi nilikuwa na hasira ya kunisukuma, yeye hakuwa na kitu cha kumsukuma, alikuwa anavutwa tu, na kuvutwa kunauma kwa namna yake. Mama katekista aliposikia akamsimulia habari za John Henry Newman, aliyekuwa mhubiri maarufu wa Kianglikana pale Oxford, ambaye mwaka 1843 alitoa hotuba ya kuwaaga watu wake kule Littlemore, kijiji cha karibu na Oxford, mahubiri yaliyokuja kujulikana kama kuagana kwa marafiki, na bado akakaa miaka miwili mizima akisoma na kusali kabla hajapokelewa tarehe 9 Oktoba 1845 na padri Mwitalia, Dominic Barberi, aliyefika usiku akiwa ameloa mvua chapachapa. Miaka miwili! Mtu mwenye akili kama ile, na bado hakukimbia. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2019. Yule kaka alisema afadhali, mimi nilifikiri kuchelewa kwangu ni dhambi.

Na nilipokuja kusoma zaidi nikakuta kwamba mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 aliweka utaratibu maalum kwa makundi ya Waanglikana wanaotaka kuingia kwenye ushirika kamili, wakaruhusiwa kuja na sehemu ya urithi wao wa liturujia na sala. Yaani Kanisa halikuwaambia acheni kila kitu mlangoni. Hilo nilimtumia meseji palepale, akanijibu kwa neno moja tu, "Asante."

Alafu kulikuwa na dada aliyetoka Uislamu. Huyu sitaeleza mengi, kwasababu kwa mtu kama yeye maelezo mengi yanaweza kumletea shida, na naomba yeyote mwenye mtu wa namna hii karibu yake awe mwangalifu na mdomo wake na simu yake, usimpige picha, usimwambie mtu, mwache yeye mwenyewe achague wakati. Ninachoweza kusema ni hiki. Mimi mlokole, kitu kilichonikaa kooni kuliko vyote kilikuwa ni Bikira Maria. Nilikuwa nimefundishwa tangu mdogo kuwa Wakatoliki wanamwabudu, kwahiyo hata kutamka Salamu Maria ulimi ulikuwa mzito, nilikuwa natamka nusu alafu nanyamaza. Yule dada yeye hakuwa na tatizo hilo kabisa. Alikuwa amekua akimheshimu Maryamu, sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina lake, na alikuwa anajua habari za kupashwa habari na malaika kabla hajawahi kuishika Injili ya Luka. Siku ya somo la Mama wa Mungu mimi nilikuwa nabishana, yeye akawa ananieleza kwa upole kwanini mwanamke huyu anastahili heshima. Mlokole anafundishwa kumheshimu Maria na mtu aliyetoka Uislamu! Nililiwaza hilo usiku mzima.

Kwake kilichokuwa kigumu ni Utatu Mtakatifu, na hilo halikuisha kwa somo moja wala matatu. Alikuwa anasema mdomo unakubali, goti linakubali, ila kichwa kinauliza Mungu mmoja anakuwaje hivyo, na alikuwa anaogopa asije akamkosea Mungu kwa kumshirikisha. Hiyo hofu yake ilikuwa hofu takatifu. Mama katekista hakuivunja, alisema hata sisi tunaamini Mungu ni mmoja, tuanzie hapohapo, tusitoke hapo. Na kuna kitu kingine alikuja nacho, saa za kusali. Alikuwa amezoea siku yake kugawanywa na sala, na alipoonyeshwa Liturujia ya Vipindi, masifu ya asubuhi, ya jioni, sala ya kabla ya kulala, alifurahi mpaka machozi, akasema nilidhani nitaipoteza siku yangu. Sisi wengine tulikuwa hata hatujui hizo sala zipo. Yeye ndo alitufundisha kuzishika kwa wakati.

Kuna kijana wa Kisabato pia, naye alikuja na siku. Kwake suala la Jumamosi na Jumapili halikuwa mjadala wa kuchangamsha kikao, lilikuwa maisha yake yote, familia yake yote inapumzika siku hiyo, mama yake anamsubiri siku hiyo. Alichukua muda mrefu kuelewa kwanini Wakristo wa kwanza waliishika siku ya ufufuko. Ila alipoelewa, aliishika Jumapili kwa uzito ambao sijauona kwa Wakatoliki wengi waliozaliwa humo. Hafanyi biashara, hafungui kompyuta ya kazi, anakaa na watu wake, anasoma, anapumzika kweli. Nikamuuliza, akasema pumziko nilifundishwa na mama.

Sasa mzee. Huyu nampenda sana. Alikulia kwenye dini ya jadi ya watu wake, hajawahi kuwa mfuasi wa dini nyingine yoyote, na kwa miaka mingi watu walimwambia hana dini, yeye anasema kila nikisikia hivyo nanyamaza tu, maana najua Mungu ninayemjua. Aliposikia habari ya Mtakatifu Josephine Bakhita alisimama kabisa kwenye kiti. Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, akatekwa akiwa mtoto akauzwa utumwani, na alikuja kusimulia kwamba tangu utotoni, kabla hajasikia chochote kuhusu Kristo, alikuwa akiangalia jua na mwezi na nyota anajiuliza ni nani Bwana wa vitu vizuri namna hii, akatamani kumwona na kumsujudia. Alibatizwa Italia tarehe 9 Januari 1890, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Mzee akasema, "Ndiyo huyohuyo. Nami nilimwona hapohapo." Na siku ya somo la ushirika wa watakatifu, ambapo sisi wengine tulikuwa na maswali kibao kuhusu kuwaombea marehemu, mzee alishangaa maswali yetu. Kwake waliokufa hawajawahi kuwa mbali. Alihitaji tu kuelekezwa tofauti iliyopo, kwamba wafu hatuwaogopi wala hatuwatolei kitu ili wasitudhuru, tunawaombea na watakatifu tunawaomba watuombee, wote tukiwa ndani ya Kristo. Alielewa haraka kuliko mimi. Nikakumbuka Mwalimu Julius Nyerere naye, aliyelelewa katika dini ya jadi ya Wazanaki, mtoto wa chifu, akabatizwa mwaka 1943 akiwa tayari kijana mkubwa. Watu wanamkumbuka kama Mkatoliki wa misa ya kila siku, wanasahau kwamba kuna nyumba iliyomlea kabla.

Na kulikuwa na bwana mmoja aliyesema hana alikotoka. Wazazi wake hawakuwa na imani, yeye mwenyewe ni mtu wa sayansi. Nilidhani huyu ndo mikono mitupu sasa. Nilikosea hapo pia. Alikuja na tabia ya kutosema kitu asichokiamini. Tulipokuwa tunasali wote kwa sauti yeye alikuwa kimya kwa miezi mitano, na alipoulizwa akasema sitaki kumdanganya kama yupo. Jamani, mimi nilikuwa nasema maneno mengi bila hata kuyafikiri! Katekista akamletea habari za Edith Stein. Huyu alizaliwa kwenye familia ya Kiyahudi, mama yake mcha Mungu sana, yeye akaacha kusali akiwa binti, akawa mwanafalsafa, mwanafunzi wa Edmund Husserl, anautafuta ukweli kwa akili. Mwaka 1921 akasoma maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa Mkarmeli wa Hispania, aliyoyaandika mwenyewe, na tarehe 1 Januari 1922 akabatizwa. Mama yake aliumia sana. Lakini Edith alipokuwa akienda nyumbani alimsindikiza mama yake sinagogi, akakaa naye, akasali zaburi pamoja naye, zaburi zilezile ambazo Kanisa linazisali. Baadaye akawa mtawa Mkarmeli, na Wanazi walimuua Auschwitz mwezi Agosti 1942, pamoja na dada yake Rosa ambaye naye alikuwa amebatizwa, kwasababu walikuwa Wayahudi. Hakuwahi kuukana Uyahudi wake. Yule bwana wa sayansi aliniambia baadaye kwamba kilichomgusa sio kwamba Edith aliamini, ni kwamba alirudi kukaa na mama yake kwenye kile kiti cha sinagogi.

Mimi pia kilinigusa hicho. Wakati huo baba na mimi tulikuwa tunaongea habari za afya na hali ya hewa basi.

Kwenye mambo ya taratibu sitakaa sana, ila kuna moja lazima niliseme kwasababu linaumiza watu wasipoelezwa mapema. Aliyebatizwa kihalali kwingine hapitii njia ileile na asiyebatizwa. Asiyebatizwa ndiye mkatekumeni hasa, atabatizwa, atapata kipaimara na komunyo ya kwanza, kwa kawaida usiku wa mkesha wa Pasaka. Aliyekwisha kubatizwa anapokelewa katika ushirika kamili, anaungama kwanza, anakiri imani. Anayetoka Orthodoksi hata kipaimara harudii, sakramenti zao Kanisa linazitambua. Katika duara letu kulikuwa na dada aliyetoka kwenye kanisa la kilokole kama mimi, tukidhani tuko sawasawa, kumbe kwao wanabatiza kwa jina la Yesu peke yake bila kutaja Baba na Roho Mtakatifu. Kwahiyo ikabidi abatizwe. Alilia. Alisema mnaniambia miaka 20 yote sikuwa nimebatizwa? Mimi sikuwa na jibu. Katekista alimkumbatia akamwambia Mungu hakuwa mbali na wewe siku hata moja katika hiyo miaka, yeye hafungwi na sakramenti zake, sisi ndo tunafungwa nazo. Ni maneno ya katekisimu hayo, namba 1257, ila kwa namna alivyoyasema hayakusikika kama ya kitabu. Na ndoa, ndoa ni pagumu, mtu ameshaoa au ameachana huko nyuma, faili linaenda mahakama ya Kanisa, linachukua muda, wengine wanakata tamaa. Semeni hilo siku ya kwanza, msisubiri mtu ameshanunua nguo nyeupe.

Sasa kosa langu. Baada ya kupokelewa, mwaka wa pili niliombwa niwe msimamizi, nikapewa mama mmoja aliyetoka kwenye dhehebu ambalo mtu akiondoka ndugu zake wanaacha hata kumsalimia. Mimi nilijua dhehebu lake linakataa Utatu, nikaona hapa ndo mahali pangu, mimi mtoto wa mchungaji, Biblia naijua. Nikaandaa mistari. Kila tukikutana mi namwaga mistari, Yohana 1, Yohana 20, Mathayo 28, yeye ananisikiliza, anaitikia, wakati mwingine anaandika. Nilikuwa naenda nyumbani nimeridhika kwamba kazi imeenda vizuri. Wiki ya saba hakuja. Wiki ya nane hakuja. Nikampigia simu hakupokea. Mwishowe akanitumia ujumbe mmoja, mrefu kidogo, akasema ananishukuru, hana ubishi na ninayomfundisha, ila tangu aondoke kwao hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama amekula, au watoto wake wanaendeleaje, au usiku analala. Akasema, "Nilikuwa na watu waliojua mistari. Nilitafuta watu."

Hakurudi. Nimemwomba msamaha kwa ujumbe, alijibu amesamehe, ila hakurudi, na sijui yuko wapi leo. Nilienda kumweleza yule mama katekista nikitegemea atanifariji, hakunifariji. Aliniuliza tu, "Ulimuuliza nani alimfundisha kusali?" Sikuwa nimemuuliza. Katika wiki sita zote nilikuwa najua dhehebu lake, nikaona inatosha.

Toka hapo nimebadilisha namna ya kuanza. Siku ya kwanza simuulizi mtu dini yake ya zamani, itajulikana tu. Namuuliza nani alimfundisha kusali, na kama hakufundishwa, ni lini mara ya kwanza alihisi anataka kusema na mtu asiyemwona. Majibu ninayopata hayafanani na madhehebu hata kidogo. Unakuta Mlutheri anakuambia ni bibi yake aliyekuwa akiimba akifua nguo, na sasa anaipenda misa kwasababu ya kuimba. Unakuta mtu aliyekuwa mlevi anakuambia alisali kwa mara ya kwanza sakafuni bafuni. Mwingine aliwahi kuwa Mkatoliki mtoto, akapotelea kwingine miaka mingi, anaona aibu kurudi, huyo namwambia habari za Augustino, aliyelelewa na mama Mkristo, akakaa kama miaka 9 na Wamani, wafuasi wa dini ya mtu aliyeitwa Mani, akaja kubatizwa na Ambrosi, askofu wa Milano, Pasaka ya mwaka 387 akiwa na miaka 32. Ukishajua alikotokea kusali, unajua pa kuanzia, na unajua pia wapi panauma ili usipakanyage.

Usiku wangu mwenyewe wa mkesha wa Pasaka naukumbuka kwa vipande. Moto nje, giza kanisani, mshumaa mmoja unaingia. Masomo marefu, Mwanzo, Kutoka, Isaya, na nikashtuka kwamba yale masomo yote nilikuwa nayajua, baba alikuwa ameshanisomea yote, nikawa kila somo nasikia sauti yake chini ya sauti ya msomaji. Wenzangu wanne walibatizwa, mzee akiwa wa kwanza, maji yanatiririka shingoni anacheka. Alafu tukaitwa sisi wa kupokelewa, nikasema yale maneno, ninaamini na kukiri yote ambayo Kanisa Katoliki takatifu linayaamini, linayafundisha na kuyatangaza kuwa yamefunuliwa na Mungu. Yule kaka Mwanglikana alikuwa kulia kwangu, alisema yake taratibu sana. Upande wa familia yangu kulikuwa na viti vitatu nilivyowawekea. Vilibaki wazi mpaka mwisho, hakuna aliyevikalia hata watu walipokuwa wamesimama nyuma.

Nilisoma baadaye habari za Scott Hahn, mchungaji wa Kipresbiteri kule Marekani aliyepokelewa Pasaka ya 1986, na mkewe Kimberly, ambaye baba yake naye alikuwa mchungaji, akachukua miaka minne zaidi hadi Pasaka ya 1990. Miaka minne ndani ya nyumba moja, kitanda kimoja. Ilinisaidia kuacha kuhesabu miezi na baba.

Tulikaa miaka sita bila kulitaja kanisa. Tunapigiana simu, shikamoo baba, marahaba mwanangu, wajukuu hawajambo, basi. Sikumtumia video za mapadri, sikumtumia vitabu, ingawa vidole vilikuwa vinawasha. Mwaka jana macho yake yakaanza kuwa mabaya, kusoma ikawa shida, na kwa mtu ambaye amesoma Biblia kila alfajiri maisha yake yote hiyo ni kama kunyimwa maji. Jioni moja akapiga yeye. Akaniuliza, "Bado unasoma Biblia?"

"Nasoma baba. Ile ile uliyonipa."

"Na ile ya kwenu ina vitabu vingapi?"

Nikasema 73. Akanyamaza. Ya kwake ina 66, hesabu tunaijua wote wawili, na mahubiri yake kuhusu vile vitabu saba nimeyasikia nikiwa mtoto nimekaa benchi la mbele. Nikajiandaa kwa mabishano. Akasema, "Basi nisomee kimoja kati ya hivyo ambavyo mimi sina."

Nikachagua Tobiti. Sikufikiri sana, kilikuja tu mkononi, na nilipoanza ndo nikakumbuka kuwa ni habari ya mzee mcha Mungu aliyepofuka macho na mwanae anayetumwa safari ya mbali. Nikataka kubadilisha lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikasoma. Sura ya 4, baba anamuusia mwanae. Sura ya 5, kijana anaondoka na mama yake analia. Upande wa pili wa simu kimya kabisa, nikadhani laini imekatika.

"Baba upo?"

"Nipo," akasema. "Huyo mtoto anarudi?"

"Anarudi baba. Sura ya 11."

"Basi usiruke," akasema. "Soma zote."